Majilio: Tufanye Nini?



Mvua zimerudi. Vumbi jekundu la Lubumbashi limekuwa tope jekundu, na kandokando ya mji akina mama wameinama na majembe yao, wakipanda mahindi kabla maji hayajazidi. Wakati huo huo, katikati ya mji, nguo za watoto zimekwisha kutundikwa mbele ya maduka, na kila jioni baba arudipo kazini hupokewa kwa swali moja: "Baba, Noeli hii tutavaa nini?" Mama naye, akiutazama mfuko wa unga unavyopungua, ana swali lake: "Siku ile tutakula nini?"

Hatuyadharau maswali hayo. Mtoto kupenda nguo mpya si dhambi, wala mama kuwaza chakula cha sikukuu si upungufu wa imani. Lakini katika majira haya Mama Kanisa anatuwekea mbele swali la tatu, lililoulizwa zamani kando ya mto Yordani, nalo ndilo twataka kulifikiri pamoja nanyi juma hili: "Tufanye nini?"

Kwanza tulieleze jina lenyewe. Majilio ni neno lililotoka katika kuja. Ni ujio wa Mmoja anayewajia watu wake. Majira hayo huanza Dominika iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea, nayo huwa na Dominika nne. Kwa hiyo hayapungui siku 22 wala hayazidi 28. Padri huvaa zambarau, rangi ya kujitayarisha na ya toba. Katika Dominika ya tatu aweza kuvaa rangi ya waridi, ili kutukumbusha kwamba furaha iko karibu. Tena yafaa tujue kwamba Majilio yana sehemu mbili. Mpaka tarehe 16 Desemba masomo yatuelekeza hasa kwenye siku ile Bwana atakaporudi katika utukufu wake; tangu tarehe 17 hadi 24 yatupeleka Betlehemu, kwenye kuzaliwa kwake.

Mtakatifu Bernardo, abati wa Clairvaux huko Ufaransa, aliyefariki mwaka 1153, aliwafundisha watawa wake kwamba Bwana anakuja mara tatu. Alikuja zamani katika mwili, naye atakuja mwisho katika utukufu. Na kati ya kuja huko kuwili kuna kuja kwa tatu, kusikoonekana kwa macho, anapoingia katika moyo wa mtu siku hizi zetu. Kuja kwa kwanza kumekwisha. Hakuna awezaye kukuzuia. Kuja kwa mwisho kutatimia hata tusipotaka. Lakini kuja huku kwa katikati kwaweza kukuta mlango umefungwa. Basi, ni kwa ajili ya mlango huo tumepewa majuma manne.

Watu wengine hudhani kwamba kungoja ni kukaa tu. Mkulima hafikiri hivyo. Katika nchi za Ulaya Majilio huangukia wakati wa baridi, siku zikiwa fupi na usiku mrefu, na ndiyo sababu Wakristu wa huko hupenda kuwasha mishumaa, mmoja kila Dominika. Kwetu mambo ni mengine. Desemba ndio mwezi wenye mchana mrefu kupita yote, na alama ya Majilio tunayopewa na nchi yetu si giza bali ni mvua. Wala hatupotei tukiifuata alama hiyo, maana nabii Isaya mwenyewe aliziomba mbingu zinyeshe haki kama mvua, na ardhi ifunguke ichipuze wokovu. Kwa karne nyingi Kanisa limeimba ombi hilo wakati wa Majilio. Nani ataelewa ombi hilo kuliko mtu wa Katanga, aliyeitazama ardhi yake ikikauka tangu Mei mpaka Septemba?

Mtume Yakobo naye, katika waraka wake, atuonyesha mkulima anayengoja zao la ardhi kwa saburi, mpaka mvua ya kwanza na ya mwisho zipite. Lakini mkulima huyo, kabla ya kungoja, alifyeka, akalima, akapanda. Yule ambaye hakulima hangoji mavuno; yeye hungoja njaa. Tena tazameni jambo hili: siku ya Noeli shamba letu ni la kijani, lakini ghala ni karibu tupu. Mahindi yaliyopandwa sasa yatavunwa Aprili na Mei. Mwenye imani hutoa mbegu ambazo angeweza kuzila leo, akazificha udongoni. Hivyo ndivyo Majilio yalivyo: kutoa kitu leo, kwa kumtumaini Yeye ambaye bado haonekani.

Sasa turudi Yordani. Mwinjili Luka atuambia kwamba Yohane Mbatizaji aliwaita watu watengeneze njia ya Bwana, mabonde yajazwe na yaliyopotoka yanyoshwe. Sisi tunaokaa katika mji ambao kila mvua hufungua mashimo mapya barabarani twajua vizuri maana ya njia mbaya. Mgonjwa hafiki hospitalini kwa wakati, na mchuuzi humwaga mali yake. Hivyo mtu akisikia kwamba njia ya Bwana imeharibika, asifikiri mambo ya mbali. Afikiri njia ya mtaani kwake, ajue kwamba moyo nao una mashimo yake.

Watu walipomsikia Yohane, walimwuliza tufanye nini. Sikilizeni vema alivyojibu. Hakuwaambia waache kazi zao wakakae naye jangwani. Hakuwaagiza sadaka kubwa. Aliye na kanzu mbili, ampe asiye nayo. Mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wasidai zaidi ya kiasi kilichowekwa. Askari wasimnyang'anye mtu kwa nguvu wala kwa kumsingizia, na waridhike na mshahara wao. Ndivyo kila mmoja alivyopewa toba iliyo ndani ya kazi yake mwenyewe, mahali pale ambapo jana alikuwa akikosa.

Kama Yohane angesimama leo Kamalondo, au katika soko la Kenya, au Katuba, au Ruashi, twadhani angejibu vivyo hivyo. Kwa mama auzaye unga angesema: meka yako, kile chombo cha kupimia, kisiwe na kitako kilichobonyezwa ndani. Kwa muuza makala: usiweke vipande vikubwa juu na vumbi chini. Kwa dereva wa taksi: mvua ikinyesha usipandishe nauli mara mbili kwa kuwa abiria hana pa kukimbilia. Kwa polisi wa barabarani: usitafute kosa pasipo na kosa. Kwa mwalimu: alama za mtoto hazinunuliwi. Kwa mwenye duka la kununulia madini: mizani yako imwogope Mungu, kwa maana yule mchimbaji ameingia shimoni na huenda asingetoka. Na kwa mchimbaji mwenyewe: hela uliyoitoa ardhini kwa hatari ya roho yako, usiinywe yote kabla haijafika nyumbani.

Labda mmoja atasema: "Haya ni mambo ya serikali na ya soko, Padri atufundishe sala." Twamjibu kwamba Yohane hakuyatenga. Sala ya mtu anayemwibia mwenzake katika kipimo ni kama mbegu iliyotupwa juu ya lami.

Mji wetu una kumbukumbu moja ya Desemba ambayo haifai kusahauliwa tunaposema habari ya haki. Mwaka 1941, mji ukiitwa bado Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi. Vita vya dunia vilikuwa vimepandisha bei ya vitu, na mishahara haikutosha kulisha nyumba. Tarehe 9 Desemba walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira. Askari wakawapiga risasi. Makumi ya watu walikufa, na miongoni mwao Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao. Siku hiyo ilikuwa Jumanne ya juma la pili la Majilio, kesho yake baada ya sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Walikuwapo hapa mjini watu waliotayarisha Noeli kwa nyimbo na mapambo, na ng'ambo ya barabara wajane walikuwa wakilia.

Hatuyataji hayo ili kuamsha chuki dhidi ya mtu yeyote. Twayataja kwa sababu mshahara wa mtu ni chakula cha watoto wake, na anayeuzuia hawezi kusema kwamba anamngoja Bwana. Jambo hili halihusu makampuni makubwa tu. Linamhusu kila mwenye nyumba aliye na mlinzi wa usiku, au binti wa kupika na kufua, au kijana anayemlimia kiwanja. Je, mshahara wake wa mwezi uliopita umelipwa? Kama haujalipwa, basi pango la Noeli halina budi lingoje kwanza. Mlipe yule binti, naye apeleke kitu kwa mama yake. Ndipo upambe pango.

Kutoka kazini, tuingie nyumbani. Katika miaka ya 1950 Padri Placide Tempels, Mfransisko, aliwakusanya wafanyakazi wa migodi na wake zao pale Ruwe, karibu na Kolwezi, na kutoka kwao likakua kundi lililojulikana kote Katanga kwa jina la Jamaa. Baadaye kundi hilo lilipatwa na mabishano mengi. Lakini lilianza na jambo moja lisilozeeka: kwamba mume na mke wakae pamoja, waambiane yaliyo moyoni, na waone kwamba umoja wao ni njia ya kumfikia Mungu. Ni nyumba ngapi leo ambamo watu wawili wanalala chini ya bati moja na hawajasemezana neno la amani tangu mavuno yaliyopita? Wanasema habari ya unga, ya maji, ya ada ya masomo. Lakini neno la moyo halisemwi. Huko ndiko bonde linalotakiwa kujazwa. Akina baba, msingoje mke aanze. Akina mama, msihesabu makosa ya zamani kama mwenye duka anavyohesabu madeni.

Liturjia yetu wenyewe yatufundisha utaratibu wa jambo hili. Katika Misale ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988, tendo la toba haliwi mwanzoni mwa Misa, bali baada ya Neno la Mungu na mahubiri. Na mara baada ya toba tunapeana amani, kabla ya kuleta vipaji altareni. Maana yake ni wazi kwa kila mtu wa kwetu. Kwanza twasikia Neno, kisha twajua kosa letu, kisha twampa ndugu mkono, na baadaye tu twashika kapu la matoleo. Ndivyo alivyoagiza Bwana mwenyewe: anayekumbuka mbele ya altare kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aache sadaka yake hapo, aende akapatane kwanza. Tarehe 1 Desemba 2019, ikiwa Dominika ya kwanza ya Majilio, Baba Mtakatifu Fransisko aliadhimisha Misa kwa taratibu hiyo ya kwetu katika Basilika la Mtakatifu Petro, pamoja na Wakongo wakaao Roma. Dunia ilitazama ngoma na nyimbo na kufurahi. Sisi wenye taratibu hiyo twapaswa kuitimiza hata nje ya kanisa.

Kwa maana upatanisho hauishii kwa mume na mke. Wazee wa nchi hii wanakumbuka mwaka 1992 na 1993, wakati maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi. Walikuwa wamezaliwa hapa, wamefanya kazi hapa, na wengine wamewazika wazazi wao hapa. Walikaa kwenye vituo vya reli, na watoto na magodoro yao, wakingoja gari la moshi. Wako waliokufa kabla gari halijafika. Noeli ya mwaka 1992 iliwakuta katika hali hiyo, nao walikuwa Wakristu kama wale waliowafungia milango. Tunaposoma katika Injili kwamba Maria na Yosefu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, tusiwahukumu haraka watu wa Betlehemu.

Tangu hapo miaka mingi imepita, na jirani amerudi kukaa karibu na jirani. Lakini maneno ya kudharau kabila la mwingine hayajaisha, na mara nyingi husemwa mezani mbele ya watoto. Mzazi anayetaka kutengeneza njia ya Bwana na aanze na ulimi wake. Mtoto akisikia Dominika asubuhi kwamba watu wote ni ndugu, na Dominika jioni kwamba wale wa upande ule si watu, atayaamini maneno ya baba yake kuliko ya Padri.

Kama tunahitaji mfano wa mtu aliyekutwa yu tayari, tunaye wa kwetu. Tarehe 29 Novemba 1964, Dominika ya kwanza ya Majilio, waasi wa Simba walifika Bafwabaka wakawachukua kwa lori masista wa shirika la Jamaa Takatifu. Miongoni mwao alikuwamo Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, mwenye umri wa miaka 24. Huko Isiro, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, aliuawa kwa kuwa alikataa kuvunja nadhiri yake ya usafi. Na kabla ya kufa alimwambia muuaji wake kwamba anamsamehe. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, na sikukuu yake huwa tarehe 1 Desemba, mlangoni mwa Majilio. Majilio yake yalikuwa ya siku mbili tu. Moyo uliosamehe usiku ule haukujifunza kusamehe ndani ya lori. Ulikuwa umelimwa tangu zamani, katika kazi ndogo za kila siku na katika sala.

Basi, tufanye nini? Twaweka mbele ya kila jamaa kazi nne, moja kwa kila juma.

Juma la kwanza liwe la sala. Kila jioni, baada ya kula bukari, radio na simu zinyamaze kwa robo saa. Baba au mama asome somo la siku, mtoto mmoja aombe kwa maneno yake mwenyewe. Nyumba isiyo na kimya haisikii mgeni anayebisha hodi.

Juma la pili liwe la haki. Andikeni madeni yenu yote: mnayodaiwa na mnayodai. Lipeni mnayoweza, hata kama ni nusu. Na kama mdeni wenu hana kitu kweli, mwongezeeni siku. Zamu ya likelemba ikiwaangukia mwezi huu, kaeni mume na mke mpange kwanza ada ya masomo ya Januari, ndipo nguo za sikukuu. Kukopa fedha kwa riba ili majirani waone meza imejaa ni kujifunga kamba shingoni kwa ajili ya siku moja.

Juma la tatu liwe la huruma. Fuateni ile sheria ya kanzu mbili. Fungueni sanduku la nguo pamoja na watoto, wachague wenyewe nguo nzuri ya kumpa mwenzao, isiwe ile iliyochanika. Mkiweza, wakumbukeni wagonjwa wa hospitali ya Sendwe wasio na ndugu wa kuwaletea chakula, na wafungwa wa Kasapa.

Juma la nne liwe la upatanisho. Nendeni kwenye Kitubio mapema, msingoje msongamano wa mkesha. Na kabla ya kwenda, kila mmoja amtafute mtu yule mmoja ambaye jina lake likitajwa moyo wake hukunja uso. Kila mmoja wetu ana mtu huyo. Aende kwake, au ampelekee neno. Asipopokewa, amani yake itamrudia. Lakini njia kwa upande wake itakuwa imenyoshwa.

Wapenzi, huenda Noeli hii katika nyumba nyingi hakutakuwa na nyama, wala nguo mpya kwa kila mtoto. Bwana wetu Yezu Kristu hatauliza habari za meza wala za nguo. Yeye mwenyewe alizaliwa katika zizi, akalazwa katika hori la kulishia ng'ombe, kwa mama aliyekuwa safarini. Atakachotafuta ni nafasi ndogo ambamo hakuna mtu aliyedhulumiwa na hakuna mtu aliyefukuzwa. Nafasi hiyo hata maskini kabisa aweza kumtayarishia.

Bikira Maria, aliyemngoja Mwanawe kwa miezi tisa katika imani na kazi, awaombee ninyi na watoto wenu. Majilio mema kwenu nyote.